Alhaji: heshima inayotangulia jina

Babu yangu aliporudi kutoka Makka, barua zake zilianza kuandikwa "Alhaji" juu ya bahasha, naye kila mara alipitisha kidole juu ya neno hilo kabla ya kuifungua. Heshima hiyo hupatikana kwa kutimiza hija yenyewe katika mwezi wa Dhulhija, wala si kwa umra, ziara ndogo ya Makka, hata ikirudiwa mara nyingi. Mwanamke huitwa Hajati. Kwa wengine huwa sehemu ya jina lenyewe: Malcolm X, mtetezi wa haki za Wamarekani weusi aliyehiji mwaka 1964, alijulikana pia kama El-Hajj Malik El-Shabazz. Hata majina ya ukoo ya Kigiriki yanayoanza na Hatzi- yamebeba neno hilo hilo, kwa Wakristo waliozuru Yerusalemu.

Haji, kwetu Waswahili, ni pia jina analopewa mtoto mchanga, pengine kwa kuzaliwa msimu wa hija, hivyo mwenye jina hilo huenda hajawahi kuiona Kaaba.

Mimi naona ni vyema tumwite aliyehiji kwa heshima hiyo, lakini mwenyewe asiidai, kwa kuwa hatumpi mtu cheo kwa kuswali, kufunga wala kutoa zaka.