Bahari inapofunga mlango wa mtaro

Mvua ya kwanza ya masika ilipiga usiku kucha hapa Tanga, asubuhi maji yamekupwa nikashuka ufukweni kumfuata mjomba wangu alikuwa anakagua ngalawa yake. Shikamoo mjomba, akaitikia marahaba, alafu akaninyooshea kidole kule mtaro unakomwagia.

Aisee. Tope rangi ya chai ya maziwa limetanda mpaka mbali, juu yake chupa za maji, pampasi, kandambili moja ya mtoto, na utando wa oili unang'aa rangi rangi. Kaa mdogo alikuwa anasukuma tope atoke shimoni kwake, linamrudia, anasukuma tena. Nilimtazama muda mrefu.

Wengi tunadhani maji ya mtaroni yanaenda kusafishwa mahali. Hayaendi popote, ni baharini moja kwa moja. Kazi ya mtaro wa mvua ni kuyatoa maji mtaani haraka yasituingilie ndani, basi. Na kule mtaa wa Ngamiani nyumba zimebanana, juu bati, uani saruji, nje lami, ardhi ya kunywa maji iko wapi? Kwahiyo yote yanakimbilia mtaroni na yanabeba kila kilicholala barabarani kiangazi kizima, vumbi, oili chafu ya gereji, mavi ya mbuzi, maganda ya sokoni. Ndo maana mvua ya kwanza ni chafu kuliko zote, hasa mwanzo mwanzo pale, zikishapiga tatu nne unaona maji yana nafuu.

Mi ule mdomo wa mtaro nilikuwa nauona tundu tu. Kumbe ukijengwa vizuri chini yake yanapangwa mawe makubwa, maji yakitoka na kasi yanavunjika nguvu hapo yasiuchimbe ufukwe, na kabla ya kufika mdomoni kunawekwa nondo za kukamata takataka na shimo ambalo maji yanapunguza mwendo mchanga unatua chini. Ila hilo shimo lazima lizolewe, likijaa ni sawa na halipo. Tope likipita linafunika majani ya bahari ambayo samaki wadogo wanakulia humo, na matumbawe yanakosa mwanga. Mikoko nayo inasaidia sana maana mizizi yake inashika tope, tukiikata tunaiondoa na hiyo kazi yake.

Alafu mjomba akaniambia neno sijalisahau, "Mvua ikikutana na bamvua, mjomba, bahari inafunga mlango." Yaani mwezi ukiandama au ukiwa mpevu bahari inajaa juu mno, inaingia hadi ndani ya mtaro, maji ya mvua yakija yanakosa pa kutokea yanarudi kwa watu. Kuna mitaro inafungwa kifuniko mdomoni kinachofunguka kwa nje tu, bahari ikisukuma kinajifunga. Mvua bado itabidi isubiri maji yapwe, lakini angalau bahari haipandi mtaani.

Kinachoniuma zaidi ni kutapisha vyoo. Jirani mmoja mtaani kwetu alisubiri mvua ishike kasi akafungulia choo chake kwenye mtaro, usiku, akijua maji yatabeba. Yalibeba kweli, yakapeleka pale pale watoto wetu wanapoogelea maji yakijaa. Hicho ni kipindupindu tunakialika wenyewe, na nilimwambia usoni, hata kama hatusalimiani vizuri mpaka leo.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi, tulikwenda watu sita na majembe na toroli moja. Mchanga ulikuwa umefika nusu ya mdomo wa mtaro, mgumu, umeshikana na vipande vya nailoni. Tulichota hadi adhuhuri, tukamwaga juu huku mbali na maji usije kurudi. Mjomba alisimama kwenye ngalawa yake anatuelekeza wapi pa kuchimba, maana yeye anajua mkondo unapita wapi.