Saa 12 ya Mlima Athos

Kilichoniponza ni kujiona mjuzi wa saa. Katika Mlima Athos, rasi ya kaskazini mwa Ugiriki yenye monasteri 20 za Kiorthodoksi, watawa wengi bado huhesabu saa kuanzia machweo, na jambo hilo huwavuruga sana wageni wa Ulaya. Kwenye boti iliyotutoa Ouranoupoli kwenda Dafni, bandari ya Athos, Mjerumani mmoja alikuwa akipiga hesabu kwenye karatasi, akifuta na kuandika upya, nami nikamweleza kwa madaha kwamba sisi wasema Kiswahili tumezaliwa na saa hiyo: jua likizama ni saa 12, giza likishika ni saa 1 ya usiku, basi.

Wasio Waorthodoksi hupewa nafasi 10 tu kwa siku, na kibali ni cha kulala usiku tatu. Malazi katika monasteri hayalipiwi, lakini nauli ya basi dogo la kupanda Karyes, mji mkuu wa rasi hiyo, ilinikera kiasi kwamba niliapa kumaliza safari kwa miguu. Niliambiwa lango la monasteri hufungwa saa 12. Nikatazama simu: saa 8 mchana. Nilikuwa na saa nne, za nini kukimbia?

Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba. Njia ya mawe ilifunikwa na majani mekundu yaliyolowa mvua, yenye utelezi kama sabuni, na nilianguka mara mbili. Karibu na monasteri nyavu zilikuwa zimetandazwa chini ya mizeituni, na nilikaa hapo kwa starehe nikala mkate wangu. Nilipofika langoni simu ilionyesha saa 11 na dakika 40. Lango, lililopigiliwa mabamba ya chuma kuanzia juu hadi chini, lilikuwa limefungwa, na kelele zangu zote hazikumtoa mtu.

Hapo ndipo nilipong'amua upumbavu wangu. Kwetu jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, kwa hiyo saa 12 yetu imesimama mahali pamoja na tumesahau kwamba iliwahi kulifuata jua. Ya watawa hulifuata kwelikweli. Majira ya kupukutika kwa majani yanapofika, siku hufupika na saa 12 hurudi nyuma pamoja nayo. Siku ile jua lilizama saa 11 na robo.

Waliolala nje ya ukuta ni vibarua wa mavuno ya zeituni. Mmoja alinivuta kwa mkono hadi chumbani mwao bila kuniuliza kitu, akanipa blanketi lililonuka mafuta na moshi. Nililala vibaya. Usiku wa manane nikasikia talanto, ubao mrefu ambao mtawa huubeba begani akiupiga kwa nyundo ndogo ya mti kuwaita wenzake kwenye sala: taratibu kwanza, kisha kwa mbio, ukizunguka ua wote na kupotea nyuma ya kanisa.

Lango lilifunguliwa kulipopambazuka. Mtawa wa wageni, mzee mwenye vidole vyeusi kwa utomvu wa zeituni, aliniletea kahawa, maji, na kipande cha loukoumi, kitamutamu laini kilichopakwa unga wa sukari. Kalenda ukutani ilisema Oktoba, kwa kuwa wao hufuata ya Julius, iliyo nyuma kwa siku 13. Sikuthubutu kumfafanulia mtu lolote tena.

Siku mbili zilizofuata zilikwenda katika kuokota zeituni na kula upesi, maana mlo huliwa huku mmoja akisoma maisha ya watakatifu, na kengele ikilia unaweka kijiko hata kama sahani haijaisha. Jioni ya mwisho nilimkuta yule mzee amepanda kigoda mbele ya saa kubwa ya ukutani. Alichungulia bahari dirishani, akangoja jua limezwe, kisha akausukuma mshale kwa kidole hadi 12. Akanigeukia akacheka, kwa maana vibarua walikuwa wamekwisha kumsimulia.