Bonde likijaa tukutane wapi?

Jana kikundi chetu cha mtaa huku Magomeni tumekaa kikao zaidi ya masaa mawili kwa swali moja tu, bonde likijaa tukutane wapi. Wengine wataona ni kitu kidogo ila sie tunaokaa karibu na mto Msimbazi tunajua. Desemba 2011 watu kama 40 walipoteza maisha kwa mafuriko hapa Dar, wengi wa bondeni wakapewa viwanja vya kuhamia Mabwepande, na mie siku ile kilichonitesa ni kumtafuta mama, simu haipatikani, nazunguka na nguo zimelowa mpaka saa tatu usiku ndo namkuta kwa watu baki.

Wengi walitaka pale kwenye kijiwe cha kahawa chini ya mwembe sababu kila mtu anapajua. Mzee mmoja akatukatalia, akasema hapo 2011 maji yalimfika kiunoni, na juu ya mwembe kuna nyaya za umeme. Tukapafuta. Jamani kabla hamjachagua sehemu waulizeni wazee maji yalifika wapi, msiangalie kwa macho kipindi cha kiangazi mkaona pakavu mkaridhika. Shule nayo tukaiacha, ni pazuri lakini usiku geti linafungwa na funguo anayo mlinzi peke yake. Tukakubaliana Mapipa hapa hapa Magomeni, upande wa juu wa barabara, panafikika kwa miguu na hauvuki mtaro wowote.

Hapo tulidhani tumemaliza, kumbe bado. Dada mmoja anauza vitenge Kariakoo akauliza, na mie je? Kimya. Maana mvua ikizidi Morogoro Road inafungwa pale Jangwani, mabasi ya mwendokasi yanasimama, na nusu ya watu wetu mchana wako ng'ambo, Kariakoo na Posta. Ukimwambia mtu wa huko akimbilie Mapipa unamwambia avuke maji, na watu wamekufa kwa kulazimisha kuvuka wawahi nyumbani kwa watoto. Kwa hiyo sehemu zetu ni mbili, walioko mjini wanakutana viwanja vya Mnazi Mmoja na HAWAVUKI mpaka njia ifunguliwe, walioko huku wanakutana Mapipa. Mtoto wa yule dada amekabidhiwa kwa jirani wawili kwa majina, ili mama yake akiwa ng'ambo ajue kabisa nani kambeba.

Simu tumesema tusizitegemee, mtandao ukikata au chaji ikiisha, kila saa kamili mtu wa kikundi atakuwa pale pa kukutania na daftari anaandika nani kafika.

Kilichobaki ni bibi wa nyumba ya kona, miguu haimbebi. Vijana wawili wa bodaboda wamejitolea kumtoa mapema, TMA, wale wa hali ya hewa, wakishatangaza tu tahadhari ya mvua kubwa, tusisubiri maji mlangoni. Jumamosi tunatembea njia nzima na watoto, na bibi tutampandisha bodaboda tuone kama anaweza kukaa.