Siku moja maishani mwangu: zamu ya mchana na papa wanaoamka usiku

Saa 1:00 asubuhi. Watu wakisikia nalisha papa, huniuliza nimebaki na vidole vingapi. Vyote vipo. Wangu ni *Scyliorhinus canicula*, papa mdogo mwenye madoa ya kahawia, ambaye huku Uingereza kwa kawaida huishia sentimita 60 au 75. Nafanya kazi kwenye jumba la viumbe wa baharini, pwani ya kusini. Naanza na maji: joto, chumvi, pampu.

Saa 2:30. Kuwahesabu. Mchana hulala chini kwenye mchanga. Majike hubanana pangoni, wengine wamelaliana, na sababu wanayo: dume akitaka kupanda humng'ata jike mapezi. Wanaodai kwamba papa akitulia anakufa waje waone hapa. Hawa husukuma maji kwa kinywa hadi kwenye matamvua huku wamelala tu.

Saa 3:00. Mayai. Hapa huchelewa, na bosi ameshazoea. Jike hutaga mawili kwa mpigo, kila moja ndani ya mfuko mgumu unaopitisha mwanga, wenye nyuzi ndefu kwenye pembe zake nne. Huzunguka mwani mpaka nyuzi zinase, kisha anakwenda zake, malezi hayajui. Nikimulika tochi kwa nyuma namwona mtoto na kiini chake, mkia ukipiga bila kuchoka ili maji mapya yapite kwenye vitundu vya mfuko. Akihisi umeme hafifu wa adui, anaganda, hatikisiki. Jaribio lililochapishwa mwaka 2021 lilionyesha kwamba waliokuzwa kwenye maji ya nyuzijoto 20 waliganda kwa muda mfupi sana kuliko wale wa nyuzijoto 15. Kwa mtoto asiyeweza kukimbia, hilo si jambo dogo. Humo hukaa miezi 5 hadi 11 kutegemea joto, akitoka ana sentimita kumi hivi.

Saa 6:00 mchana. Chakula: ngisi, kamba, vipande vya samaki. Ndani ya ngisi naficha kidonge cha vitamini, maana chakula kilichogandishwa hupungukiwa na B1. Wadogo wakipata kipande kikubwa hukibana kwenye magamba yao makali karibu na mkia, kisha huvuta kichwa ghafla mpaka kichanike. Macho hayawafai sana hapo. Wanategemea harufu, na vitundu vya puani vinavyonasa umeme. Mwaka 1971 mtafiti Adrianus Kalmijn alimfunika gayogayo, samaki bapa, kwa tabaka la agari (jeli ya mwani) linalozuia harufu, akamfukia chini ya mchanga. Papa wa aina hii wakampata. Akatoa samaki, akaweka nyaya zenye umeme kidogo. Wakazishambulia nyaya.

Saa 8:00. Kumpima mmoja. Ukimshika hujikunja kama ngata, mkia juu ya uso, na kukusugua. Zamani mafundi walilainishia mbao kwa ngozi hii badala ya msasa. Kiwiko changu kinathibitisha.

Saa 9:30. Wageni. "Mbona wamekufa?" Wamelala, mama. "Sasa nimelipia kiingilio nione papa waliolala?" Mwanawe ndiye aliyegundua tundu dogo nyuma ya jicho, akaniuliza kama ni sikio. Hapana, hapo maji huingilia. Huyo nilimpa dakika zangu zote za mapumziko.

Saa 12:00 jioni. Na wenzangu kwenye duka la samaki na chipsi. Papa wadogo wa namna hii waliuzwa miaka mingi kwenye maduka kama haya kwa jina lingine, lenye neno samoni ndani yake, ili mteja asishtuke. Mimi niliagiza chipsi tupu.