Malori Ambayo Hayakuzimika

Mvua za Novemba 2017 zilipoanza kushuka Lubumbashi, malori yetu yalianza kuzima njiani. Lori linatoka uani vizuri, linapita Likasi, halafu huko mbele linapoteza nguvu na kusimama na mzigo wake wote. Mekanisia anafuata kwa pikipiki, anafungua filta, anakuta maji ndani ya mazuti, yaani dizeli.

Neno la wizi halikukawia. Njia ya Kolwezi ni ndefu, kilomita 300 hivi, na mazuti ya madumu yanauzwa kando ya barabara mchana kweupe. Basi ikawa madereva wa Kolwezi wananyonya mazuti, wanauza, wanajazia maji. "Lisemwalo lipo," mkuu wa garaji akawa anarudia kila asubuhi. Malori ya kwenda mpakani Kasumbalesa hayakuzimika, na hilo lilitosha kuwa ushahidi. Dereva mmoja mtu mzima, ambaye lori lake lilizima mara nyingi kuliko mengine, akasimamishwa kazi kwa barua. Mimi nilikuwa karani wa boni za mazuti, vile vikaratasi vya kujazia, na karatasi za safari, kwa hiyo niliipiga ile barua mwenyewe.

Katika majuma hayo hayo patroni alikuwa amelipia mafunzo ya kutatua matatizo ya kazi kwa utaratibu. Nadhani alilipa kwa sababu mteja wake mmoja mkubwa alidai cheti. Mkufunzi alikuwa mama aliyewahi kufanya kazi migodini. Sote tulimwita Madamu. Alianza na mchoro wa mifupa ya samaki wa Mjapani Kaoru Ishikawa, nami usingizi ukanianza. Kisha akaja kwenye "kwa nini" tano za kiwanda cha Toyota, na mfano wa Taiichi Ohno: mashine imesimama kwa sababu fyuzi imekatika, fyuzi imekatika kwa sababu beringi imekauka, beringi imekauka kwa sababu pampu ya oili haivuti, na ukiendelea kuuliza unafika kwenye chujio ambalo halikuwekwa, vipande vya chuma vikaingia.

Mkuu wa garaji akaipenda sana hiyo. Akainuka, akaijaribu papo hapo. Kwa nini lori limezima? Maji. Kwa nini kuna maji? Dereva ametia. Kwa nini ametia? Ameuza mazuti. Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi.

Madamu hakucheka. "Papa, hilo jibu la pili umelitoa wapi? Nani aliona?"

Akanyamaza. Mpaka leo sizitegemei sana hizo "kwa nini" pale ambapo anayejibu ana mtu wake tayari moyoni. Zitampeleka kule kule alikokuwa anakwenda.

Madamu akachora jedwali la safu mbili ubaoni, moja akaandika IPO, nyingine HAIPO. Akatueleza kwamba utaratibu huo umetoka kwa Wamarekani wawili, Charles Kepner na Benjamin Tregoe, waliokuwa wakichunguza maamuzi ya jeshi la anga la Marekani katika miaka ya 1950, kisha mwaka 1958 wakaanzisha kampuni yao ya kufundisha. Maswali yake ni ya kawaida: shida ni nini, iko wapi, inatokea lini, ni kubwa kiasi gani. Lakini kila ukijibu, lazima ujaze na upande wa pili: ingeweza kuwa wapi pengine, na haiko? Sisi tulikuwa tumeshinda tukizungukia malori mabovu. Hayo mazima hakuna aliyekwenda kuyauliza kitu.

"Kolwezi ipo, Kasumbalesa haipo," akasema. "Zaidi ya barabara, yanatofautiana nini?"

Nikatumwa kuleta boni. Kila boni ina saa, kwa sababu mzee wa pompi na madereva walikuwa wakigombana kila mara nani alifika kwanza. Tukazipanga mezani. Malori ya Kasumbalesa yalikuwa yanajaza alfajiri, yawahi foleni ya mpaka. Ya Kolwezi yalikuwa yanapakia kwanza, yanajaza baada ya saa nane mchana. Na gari la kutuletea mazuti lilikuwa linamwaga kwenye tangi letu saa sita.

Hapo dereva mmoja wa Kasumbalesa, aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri saini yangu, akakohoa. "Shefu, hata mimi nilizima mara moja. Rafiki yangu wa mpakani alinisafishia filta. Sikusema, wasije wakaniita mwizi." Nikatafuta boni yake ya siku ile. Gurudumu lilimchelewesha, alijaza saa tisa mchana.

Patroni alikuwepo, na hakusema neno.

Tulikwenda kwenye tangi. Liko chini ya ardhi, na mdomo wake uko pale ua unapoinama, maji ya mvua yanasimama juu ya kifuniko. Mpira wa kifuniko ulikuwa umekatika pande mbili. Madamu akapaka kijiti cha kupimia dawa inayobadilika rangi ikigusa maji, mzee wa pompi akakishusha mpaka chini. Kilipotoka, ncha yote ilikuwa nyekundu, zaidi ya upana wa kiganja. Maji ni mazito kuliko mazuti, yanatulia chini. Gari likimwaga mzigo mpya yanavurugika, na anayejaza mchana huo anayapata. Kufika alfajiri yametulia tena.

Patroni akataka kununua tangi jipya la juu ya ardhi siku hiyo hiyo. Madamu akamwomba aandike kwanza, kabla hata hatujataja njia za kuchagua, yapi ni ya lazima na yapi ni ya kupenda, na kila la kupenda uzito wake kutoka 1 hadi 10. Ya lazima yalikuwa mawili: malori yasisimame, na shida iishe kabla mvua hazijakolea. Tangi jipya likaanguka pale pale, maana kulileta kungechukua miezi. Patroni akajaribu kurudi kubadilisha uzito, Madamu akakataa kumpa kalamu. Hesabu zinapindika kwa urahisi sana ukishajua unataka nini, ndiyo maana uzito huandikwa mwanzo. Tukanyonya maji ya chini, tukainua mdomo wa tangi kwa sementi, tukaweka mpira mpya, na mazuti yakishamwagwa hakuna kujaza mpaka kesho yake.

Dereva aliitwa kwa simu arudi. Alikuja, lakini hakupanda lori.

"Mwanangu, mlinisimamisha kwa karatasi," akaniambia. "Nirudisheni kwa karatasi."

Nikapiga barua. Akataka neno "tangi" liandikwe ndani yake, nikaliandika. Akasoma, akadai muhuri, nikagonga. Kisha akauliza malipo ya siku alizokaa nyumbani, na kwa hilo patroni alibishana naye mpaka Januari.