Daftari la nyimbo na kwao: hatua ya tatu

Jedwali limefika nyimbo 40 hivi, nyingi za Marekani. Kwa waliojiunga karibuni: tunakusanya nyimbo za bluzi na roki ambamo mwimbaji anaizungumzia nchi yake, kisha zinachezwa barazani, mtaani Mkomani, baada ya Isha, maneno yakiwa yamechapwa kwa Kiswahili.

Safari hii tumeifuta safu ya "anasifu/analaumu". Watu walikuwa wakiijaza kwa kusikia kibwagizo peke yake, na kwenye roki kibwagizo mara nyingi ni chambo. Chukua "Born in the U.S.A." ya Bruce Springsteen (1984). Ngoma zake ni za gwaride, lakini beti zinamsema askari aliyerudi kutoka Vietnam: kazi ya kiwanda cha mafuta kanyimwa, nduguye kafia Khe Sanh, huko huko Vietnam. Ajabu, hata wapenzi wa taarabu, hodari wa kufumbua mafumbo, wakisikia gitaa la umeme hawatafuti fumbo tena. Dawa yake ni kuanza na toleo la gitaa tupu alilorekodi 1982, likatoka 1998, ndipo ulete lile la ngoma. Ukianza na la ngoma, baraza zima litaimba kibwagizo na beti hazitasikika.

Safu mpya ni hizi: nani anasema, mahali gani hasa, mwaka wa kurekodi, na kitu gani kinatajwa kwa jina lake. Hiyo ya mwisho inafaa kwa Chuck Berry, mwanaroki mweusi wa Marekani. Katika "Back in the U.S.A." (1959), baada ya ziara ya Australia, anataja miji, hambaga na mikahawa ya pembeni mwa barabara. Ni sifa tupu. Ila mwaka ule, katika majimbo ya kusini, mikahawa mingi isingemketisha mtu mweusi pamoja na wazungu. Jambo hilo liandikwe kwenye maelezo. Lisigeuzwe kejeli ambayo wimbo wenyewe hauna.

Kwenye bluzi, usitafute neno "Marekani", ni nadra kulipata. Nchi huko ni jimbo, mji, au mto uliofurika. Charley Patton, katika "High Water Everywhere" (1929), anataja miji ya jimbo la Mississippi mmoja baada ya mwingine maji yakipanda, na anasema njia ya kwenda nyanda za juu amezibiwa. Wimbo una sehemu mbili kwa sababu upande mmoja wa santuri ya mizunguko 78 kwa dakika ulibeba dakika tatu hivi, kwa hiyo pakua zote mbili. Na msiuchanganye na "Back-Water Blues" ya Bessie Smith. Huo aliurekodi Februari 1927, nayo kingo za mto Mississippi zilibomoka Aprili mwaka huo, katika gharika anayoiimba Patton. Waliouandika kuwa ni wa gharika ile ile, warekebishe.

J.B. Lenoir, mwimbaji wa bluzi, anahitaji mistari miwili ya jedwali. "Eisenhower Blues" (1954) ilirekodiwa upya kwa jina la "Tax Paying Blues", jina la Rais Eisenhower likaondolewa, malalamiko ya mfuko mtupu yakabaki. Ziwekwe zikifuatana.

"Sweet Home Alabama" (1974) imezua ubishi. Bendi iliyouimba, Lynyrd Skynyrd, ni watu wa Jacksonville, Florida, na Neil Young, wanayemjibu kwa wimbo wake wa kuilaumu kusini, ni Mkanada. Kwa kipimo chetu, wimbo wa Young hauingii kabisa. Wa Skynyrd unaingia kama sifa ya kusini kwa jumla, si ya jimbo lao hasa.

Sauti: rekodi za miaka ya 1920 zichezwe mono, yaani kwa mkondo mmoja wa sauti, maana zilirekodiwa hivyo, na zikichezwa kwa mikondo miwili mikwaruzo yake hailingani. Kata chini ya hezi 80, punguza juu ya hezi 6,000. Ukizidisha, konsonanti zinapotea na maneno hayasikiki. Spika ielekee uani. Ikielekea kichochoroni, kuta za mawe zinairudisha sauti na beti zinapandana.

Kinachofuata ni albamu ya "Niafunké" (1999) ya Ali Farka Touré, iliyopewa jina la mji wake nchini Mali. Anaimba kwa lugha kadhaa, kubwa ikiwa Kisonghai. Safu za mwaka na mahali zijazwe sasa. Ya maneno iachwe wazi mpaka apatikane mtu anayeisikia lugha yenyewe. Tafsiri za Kifaransa zilizotumwa zimewekwa kando, kwa kuwa zimefupisha beti mno.