Mwanya Kati ya Matishari

Nilikuwa mwanafunzi wa sayansi ya uvuvi nilipochukuliwa kusaidia jaribio moja kuhusu kizuizi cha samaki kwenye mfereji wa meli wa Chicago, nami nilikabidhiwa kuangalia mahali pamoja tu: mwanya uliopo kati ya matishari mawili yaliyofungwa moja mbele ya jingine. Tulipanda boti ya kusukuma matishari karibu na Lockport, katika jimbo la Illinois, tukielekea juu, upande wa Ziwa Michigan, na kabla ya kufika Romeoville tukawaachia majini samaki wadogo wa kienyeji, wale wanaouzwa kwa ajili ya chambo, wenye magamba ya rangi ya dhahabu. Kila mmoja wao alikuwa amekatwa ncha ya pezi ili tuweze kumtambua baadaye.

Tishari la aina hiyo lina urefu wa karibu mita 59 na upana wa zaidi ya mita 10. Nyuma yake huwa wima kama ukuta, lakini sehemu ya mbele imechongwa kwa mteremko ili lipasue maji. Wima na mteremko vikikutanishwa, mtu aliyesimama juu huona vyuma vimegusana, ilhali chini ya maji umebaki uwazi wa pembetatu unaoenea upana wote wa chombo. Maji yaliyomo humo husafiri pamoja na matishari, nayo yametulia kuliko maji ya nje. Samaki mdogo akiingia humo hupata kimbilio, wala halazimiki kuogelea kwa nguvu ili aende mbali.

Jambo hilo lilikuwa na uzito kwa sababu ya kile kilichokuwa kinatungoja mbele. Mfereji ule ulifunguliwa mwaka 1900 ili kuugeuza Mto Chicago, majitaka ya jiji yasiendelee kuingia katika ziwa ambamo watu walichota maji ya kunywa, na kwa kufanya hivyo Maziwa Makuu ya Marekani yakaunganishwa na bonde la Mto Mississippi. Katika miaka ya 1970 samaki wa asili ya Asia waitwao kapi waliletwa Arkansas ili kusafisha mabwawa. Wakatoroka, wakazaana, na kupanda mto mmoja hadi mwingine mpaka Mto Illinois, ulio chini ya mfereji huo. Ili wasifike ziwani, Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kiliweka kizuizi cha umeme pale Romeoville, takriban kilomita 60 kutoka ziwani. Cha kwanza kilianza kazi mwaka 2002, vingine vikawashwa mwaka 2009 na 2011. Ni vyuma vilivyolazwa sakafuni mwa mfereji, vinavyotoa umeme kwa mapigo mafupi mafupi. Samaki anayekaribia hutetemeka, na akizidi kusogea hupooza, kisha mkondo humrudisha alikotoka.

Mimi nimekulia Mwanza. Nimewasikia wazee wakitaja aina za furu ambazo hawajazitia machoni tangu sangara walipotawala Ziwa Victoria, na kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa na mtu yeyote kwamba samaki mgeni akishaingia ziwani hakuna wa kumtoa.

Tulipokaribia kizuizi, nahodha alituamuru tuvae majaketi ya kujiokolea na tukae katikati ya chombo, kwa kuwa mtu akianguka katika maji yale anaweza kufa. Baharia mmoja mzee alikagua tena nyaya za chuma zilizoyafunga matishari. Kamba za kawaida haziruhusiwi pale; chuma lazima kishikane na chuma toka mwanzo hadi mwisho wa msafara, la sivyo cheche zinaweza kuruka kati ya tishari na tishari, na baadhi ya matishari hubeba mafuta.

Niliinama juu ya kioo kidogo cha kamera iliyoteremshwa mwanyani. Samaki walianza kutetemeka. Wengine walilala ubavu, matumbo yao meupe yakaonekana, kisha wakajiinua na kuelekeza vichwa mbele kama kawaida. Umeme huona njia rahisi katika chuma kuliko katika maji, kwa hiyo kuta mbili za matishari zilikuwa zimeunyonya, na katikati yake ukabaki uwanja dhaifu. Tena samaki mdogo hupata mshtuko mdogo kuliko mkubwa, kwani tofauti ya umeme kati ya kichwa chake na mkia wake ni ndogo. Tulipokuwa tumekwisha kukivuka kizuizi, nilitumbukiza wavu na kumwinua mmoja. Alikuwa hai, mzima, akipigapiga mkia katika kiganja changu, na ncha ya pezi lake ilikuwa imekatwa.

Safari ya kurudi ilinishtua zaidi. Msafara uliosheheni ukiteremka katika mfereji mwembamba wenye kuta za mawe, hujaza sehemu kubwa ya njia na kuyasukuma maji mbele yake, nayo hayana pa kupita ila ubavuni. Niliona majani na povu kando ya ukuta vikienda juu, kinyume na mkondo, kwa kasi ya mtu anayetembea. Samaki aliyepooza ndani ya kizuizi, ambaye mkondo ulipaswa kumrudisha chini, huweza kubebwa na maji hayo hadi upande wa ziwa bila kupiga hata pezi moja.

Nahodha aliniuliza kama tunakusudia kuwafungia mabaharia njia. Nilimjibu kwamba hapana, na nilimaanisha hivyo. Mawe, saruji, chumvi na mafuta vinapita pale kila siku, na familia nyingi zinaishi kwa kazi hiyo. Hata hivyo, kizuizi kinachopimwa mfereji ukiwa hauna vyombo hakijapimwa. Miaka kadhaa baadaye niliusoma mpango wa kuongeza ulinzi kwenye bwawa la Brandon Road, karibu na Joliet, nikakuta pazia la mapovu ya hewa lililokusudiwa kuwafukuza samaki wadogo kutoka katika mianya ya matishari kabla hayajaingia katika lango la kuyapandisha. Nilifurahi kwa moyo wangu wote. Ningependa yale maji yanayorudi juu kando ya ukuta wa Romeoville nayo yapewe uzito uleule, na yapimwe kila mara msafara uliosheheni unapoteremka.